Bima ya safari ya meli ya kitalii

Bima ya safari ya meli ya kitalii ni mkataba ambao kampuni ya bima huahidi kumfidia abiria wa meli ya matembezi kwa hasara anazoweza kuzipata kabla ya safari au akiwa safarini: kuvunjika kwa safari aliyokwisha kuilipia, ugonjwa baharini, kuachwa na meli bandarini, kupotea kwa mizigo au kifo. Inatofautiana na bima ya kawaida ya msafiri wa ndege kwa mambo mawili. Kwanza, tiba ndani ya meli ni ya kulipia, na hospitali ya kweli iko nchi kavu, pengine mwendo wa siku mbili. Pili, nafasi katika meli hizi huuzwa mapema mno, mara nyingi mwaka mmoja hadi miwili kabla ya meli kung'oa nanga. Fedha ya abiria hukaa mikononi mwa wengine muda mrefu kabla hajapata chochote, na katika muda huo mengi hutokea.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki jambo hili lina pande mbili. Wako wageni wanaoshuka Unguja kutoka melini na kutembea Forodhani na Mji Mkongwe kwa saa chache, nao tangu mwaka 2024 wanahusika na sheria ya bima ya lazima ya Zanzibar. Wako pia watu wa mwambao wenyewe, hasa walio Uingereza, Kanada, Marekani na Ghuba, wanaopanda meli hizi pamoja na wazazi wao waliobaki nyumbani. Kundi hili la pili haliandikwi sana katika vipeperushi vya bima, na ndilo lenye matatizo magumu zaidi.

Meli za abiria Unguja

Jina Forodhani linatokana na forodha, yaani mahali pa kukagulia na kutozea ushuru wa bidhaa zilizoingia kwa bahari. Bustani iliyopo leo iko mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, na ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni. Bandari yenyewe iko Malindi, mwendo mfupi wa miguu upande wa kaskazini.

Safari za ratiba za meli za abiria zilianza Zanzibar mwaka 1872, pale kampuni ya Uingereza ya British India ilipopewa kazi ya kubeba barua kati ya Aden na Unguja. Katika karne ya 20 meli zake Karanja na Kampala zilikuwa maarufu kwa abiria wa kati ya Bombay, Mombasa, Zanzibar na Durban. Hao walikuwa wasafiri wenye shughuli zao, si watalii. Tikiti ilikatwa kwa ajili ya kufika.

Meli za kitalii za leo hufika zaidi katika miezi ya kaskazi, takriban Novemba hadi Aprili, zikipita njia ya Mombasa, Zanzibar, Shelisheli, Madagaska na Afrika Kusini, au zikiwa katika mzunguko wa dunia nzima. Mara nyingi meli kubwa hutia nanga nje na abiria huletwa pwani kwa boti ndogo. Bahari ikichafuka boti hizo hazishushwi, na bandari hurukwa.

Hatari ya muda

Anayekata tikiti ya ndege wiki tatu kabla ya safari anaijua hali ya afya yake, ya mama yake na ya nchi anayokwenda. Anayeweka nafasi ya meli miezi 18 kabla hajui lolote kati ya hayo. Kwa hiyo sehemu ya bima iliyo muhimu zaidi kwake si ile inayoanza siku ya kupanda melini, bali ile inayoanza siku ya kutoa arubuni: fidia ya kuvunja safari.

Malipo ya meli kwa kawaida hugawanywa mara mbili. Abiria hutoa arubuni anapoweka nafasi, kisha hulipa kilichobaki siku 90 hadi 120 kabla ya kuondoka. Akivunja safari mapema hupoteza arubuni tu, na baadhi ya kampuni huirudisha. Baada ya tarehe ya malipo ya mwisho, adhabu hupanda kwa ngazi: robo, nusu, robo tatu, hadi bei yote katika wiki za mwisho. Ngazi hizo huandikwa katika mkataba wa meli, na ndizo zinazopaswa kusomwa kwanza, kabla hata ya kutafuta bima, kwa sababu zinaonyesha ni kiasi gani kiko hatarini na lini.

Msingi wa bima yoyote ni kwamba jambo lililokwisha kujulikana halikatiwi bima. Mtu akisikia kimbunga kimepewa jina, au vita vimezuka, au daktari amemwagiza kufanyiwa upasuaji, bima atakayoikata siku hiyo haitamfidia kwa jambo hilo. Hii ndiyo sababu ya kuikata mapema, mara tu arubuni inapotolewa. Mwezi Machi 2020 lilionekana wazi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga la UVIKO-19 tarehe 11 Machi, na siku tatu baadaye mamlaka ya afya ya Marekani ikazipiga marufuku meli za kitalii kuendelea na safari. Aliyekuwa na bima kutoka mwaka uliotangulia aliweza angalau kuwasilisha madai, ingawa mikataba mingi ilikuwa na kifungu kinachoondoa magonjwa ya mlipuko. Aliyekimbilia bima wiki hiyo alikuta mlango umefungwa.

Kukata mapema nako kuna mitego yake. Baadhi ya kampuni haziuzi bima ya safari iliyo mbali sana, kwa mfano zaidi ya mwaka mmoja na nusu au miwili, hivyo mwenye nafasi ya miaka miwili mbele hulazimika kusubiri. Mtego mwingine ni bima ya mwaka mzima, inayopendwa Uingereza kwa sababu ni nafuu kwa anayesafiri mara kwa mara. Iwapo itaisha mwezi Septemba na meli inaondoka Januari, abiria hubaki bila kinga mpaka airudie, na wakati wa kuirudia huulizwa upya kuhusu afya yake. Ugonjwa uliojitokeza katikati unaweza kuongezwa ada au kuondolewa kabisa, ilhali fedha ya meli imekwisha kulipwa. Bima ya safari moja, inayoanza siku ya kununuliwa na kuisha siku ya kurudi, haina pengo hilo. Kwa safari iliyowekwa mapema ndiyo salama zaidi, hata kama ada yake ni kubwa kidogo.

Kiasi cha fidia ya kuvunja safari hakina budi kulingana na fedha isiyorudishwa. Marekani ni desturi kukatia bima arubuni peke yake kwanza, kisha kuongeza kiasi kila malipo mapya yanapofanywa, mradi kampuni ya bima ijulishwe ndani ya siku zilizowekwa. Anayesahau kuongeza hubaki na bima ya dola 500 juu ya safari ya dola 5,000.

Huko huko Marekani huuzwa nyongeza inayomruhusu mkata bima kuvunja safari kwa sababu yoyote ile, hata kwa kubadili nia. Hurudisha asilimia 50 hadi 75 ya gharama, ni lazima inunuliwe ndani ya wiki mbili au tatu tangu malipo ya kwanza, na safari ivunjwe si chini ya saa 48 kabla ya kuondoka. Ni ghali, lakini ndiyo pekee inayomfaa mtu ambaye hofu yake haimo katika orodha ya sababu zinazokubaliwa.

Afya ya abiria na ya jamaa

Maswali ya afya ndiyo chanzo kikubwa cha madai kukataliwa. Shinikizo la damu, kisukari, pumu na maradhi ya moyo ni lazima yatajwe hata kama yanadhibitiwa kwa vidonge. Nchini Uingereza abiria hujibu maswali na hupangiwa ada kulingana na majibu. Marekani njia ni nyingine: kampuni hutazama nyuma siku 60 hadi 180 kabla ya bima kukatwa, na ugonjwa uliobadilika ndani ya siku hizo, ikiwa ni pamoja na kubadilishiwa dawa, haulipiwi. Hata hivyo, kifungu hicho huondolewa kwa anayekata bima ndani ya siku 14 hadi 21 tangu arubuni na kukatia gharama yote. Hapa tena aliyewahi hupata zaidi ya aliyechelewa.

Kisichofahamika na wengi ni kwamba maswali hayo huhusu pia watu wasiosafiri. Safari ikivunjwa kwa sababu baba wa abiria ameugua Unguja, kampuni itauliza mambo mawili: je, baba huyo alikuwa tayari mgonjwa bima ilipokatwa? Na je, anaingia katika maana ya jamaa wa karibu iliyomo katika mkataba? Swali la pili huwaumiza familia za Kiswahili. Mikataba hutaja mume au mke, mzazi, mtoto, ndugu wa kuzaliwa, babu na bibi, mjukuu na wakwe. Mjomba, shangazi au mama mdogo aliyemlea abiria huweza kutokuwemo. Mtu aliyelelewa na shangazi yake Makunduchi na kuvunja safari ili akamzike anaweza kuambiwa kwamba marehemu hakuwa jamaa wa karibu. Dawa yake ni kuuliza kwa maandishi kabla ya kununua. Zipo kampuni zenye tafsiri pana, na zipo zinazokubali mlezi atajwe kwa jina.

Wenye bima za serikali za afya nao hujidanganya. Huduma ya taifa ya Uingereza haihusiki na bili ya daktari wa meli. Medicare ya Marekani kwa kawaida hailipi matibabu ya nje ya nchi, na melini hulipa tu ikiwa meli iko katika bandari ya Marekani au si zaidi ya saa sita kutoka hapo. Mgonjwa akishushwa Unguja, hospitali kubwa ya serikali iliyo jirani na Mji Mkongwe ni Mnazi Mmoja. Hali ikizidi huenda akapelekwa Dar es Salaam au Nairobi. Kwa safari hizo hutumika mara nyingi ndege za wagonjwa za AMREF Flying Doctors, shirika lililoanzishwa mwaka 1957 lenye kituo katika uwanja wa Wilson, Nairobi. Kumrudisha mgonjwa mahututi Ulaya au Amerika kwa ndege maalumu hugharimu makumi ya maelfu ya dola na kunaweza kuzidi 100,000. Katika kulinganisha bima, kiasi cha kusafirisha mgonjwa kinastahili kutazamwa kabla ya kiasi cha mizigo, ingawa matangazo hupenda kuanza na mizigo.

Bima ya lazima ya Zanzibar

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inamtaka mgeni wa nje anayeingia visiwani kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar (ZIC), shirika la umma lililoanzishwa mwaka 1969. Ada ni dola 44 za Marekani kwa mtu mzima. Watoto wa umri wa miaka 3 hadi 17 hulipa nusu, na walio chini ya miaka 3 hawalipi. Bima hudumu siku 92. Hununuliwa mtandaoni kabla ya kufika, na bima aliyoikata mgeni kwao haichukui nafasi yake. Wakazi wa Tanzania hawahusiki.

Bima hii hugusa matibabu ya dharura, kusafirishwa kwa mgonjwa, kurudishwa kwa maiti, na upotevu wa mizigo na hati za kusafiria, mgeni akiwa Zanzibar. Haikuundwa kulinda fedha alizozilipa kwa kampuni ya meli mwaka mmoja kabla. Kwa sababu hiyo wageni wengine hukosea pande zote mbili: mmoja hudhani bima yake ya nyumbani inamtosha, akadaiwa dola 44 dakika za mwisho, mwingine hudhani kwa kuwa ana bima ya Zanzibar hahitaji nyingine, kumbe safari ikivunjika kabla hajafika hana cha kudai. Anayekuja kwa meli hufaa kuuliza kwa wakala wake kama ada hiyo imo katika bei au ataitoa mwenyewe.

Kwa upande wa Tanzania Bara, bima ya namna hii kwa wageni, nayo ya dola 44, ilipendekezwa katika hotuba ya bajeti ya Juni 2025.

Msafiri wa Afrika Mashariki na viza

Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda, jambo linaloweza kuvunja safari ya Bahari ya Kati kuliko ugonjwa ni viza. Ni hapa ambapo kuweka nafasi mapema humweka pabaya, kwa sababu viza ya Schengen haiombwi zaidi ya miezi sita kabla ya safari. Aliyetoa arubuni miezi 18 kabla anakaa mwaka mzima bila hata kuruhusiwa kuuliza. Na mikataba mingi ya bima inasema wazi kwamba kunyimwa viza si sababu ya kulipwa fidia.

Hesabu ya mfano inaonyesha nafasi iliyopo. Tuseme mama na binti yake wameweka nafasi katika meli inayoondoka Barcelona tarehe 10 Desemba 2027 kwa dola 4,000, wakatoa arubuni ya dola 800. Malipo ya mwisho ni siku 90 kabla, yaani 11 Septemba. Maombi ya viza yanaweza kupelekwa kuanzia 10 Juni. Ubalozi hujibu kwa kawaida ndani ya siku 15, na ukihitaji uchunguzi zaidi hadi siku 45. Wakiomba mwanzoni mwa dirisha hilo, jibu hupatikana kabla ya Septemba, na wakinyimwa hupoteza arubuni peke yake pamoja na ada ya maombi, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima. Wakisubiri hadi Oktoba, dola 4,000 zote ziko hatarini. Ratiba ya namna hii huwalinda kuliko bima yoyote ya kawaida.

Viza yenyewe hudai bima: ya matibabu na ya kurudishwa nyumbani, isiyopungua euro 30,000, inayotambulika katika nchi zote za Schengen. Hii ndiyo bima ya safari ambayo watu wengi wa Dar es Salaam na Unguja wanaifahamu, na hununuliwa kwa ajili ya karatasi ya ubalozi. Kwa meli haitoshi. Euro 30,000 ni ndogo ukilinganisha na gharama ya helikopta na ndege ya wagonjwa, na mara nyingi haigusi kabisa fedha ya tikiti. Aidha meli inayotoka Barcelona kwenda Tunisia au Uturuki na kurudi huwa imetoka Schengen na kuingia tena, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haifai, na abiria anaweza kuzuiwa kupanda. Hasara inayotokana na hati zisizokamilika haifidiwi. Ndivyo ilivyo pia kwa cheti cha homa ya manjano, ambacho Zanzibar hukidai kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, ikiwemo Kenya. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa, na tangu 2016 cheti kimoja hutosha maisha yote.

Kuna tatizo jingine kwa familia zilizotawanyika. Bima ya safari huuzwa kwa mkazi wa nchi husika. Kijana anayeishi London akimlipia mama yake wa Ng'ambo nafasi katika chumba kimoja naye, hawezi kumtia katika bima yake ya Uingereza kwa sababu mama si mkazi wa huko. Upande wa pili, Sheria ya Bima ya Tanzania ya mwaka 2009 inawataka wakazi kukata bima kwa kampuni zilizosajiliwa nchini, isipokuwa kwa idhini ya Kamishna wa Bima. Matokeo yake watu wawili wa safari moja huwa na mikataba miwili isiyofanana. Mama akiugua, bima ya kijana inaweza kumlipa kijana sehemu yake kwa kuvunja safari, lakini sehemu ya mama hulipwa tu ikiwa bima yake ya Tanzania ina kifungu cha kuvunja safari. Kwa hiyo aliyelipa fedha afanye uchunguzi wa mikataba yote miwili kabla ya kutoa arubuni, wala si kila mtu wake.

Bandari iliyorukwa na abiria aliyeachwa

Mkataba wa meli humpa nahodha haki ya kubadili njia, na bandari ikirukwa abiria hurudishiwa kodi za bandari tu au hapewi kitu. Mwambao huu una historia ya hilo. Tarehe 5 Novemba 2005 meli Seabourn Spirit, iliyokuwa ikielekea Mombasa, ilishambuliwa na maharamia nje ya pwani ya Somalia, ikaponyoka na kwenda Shelisheli. Tarehe 25 Aprili 2009 MSC Melody, ikitoka Durban kwenda Italia, ilishambuliwa kaskazini mwa Shelisheli na walinzi wake wakawafukuza maharamia. Katika miaka hiyo meli nyingi za kitalii zilikwepa Mombasa na Zanzibar. Tangu mwishoni mwa 2023 mashambulizi katika Bahari ya Shamu yamesababisha kampuni kadhaa kufuta safari za kupita Suez au kuzizungusha kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Waliokuwa wameweka nafasi mapema waligundua kwamba vita kwa kawaida havimo katika bima. Ikiwa kampuni yenyewe imefuta safari, hurudisha nauli, lakini tikiti ya ndege na hoteli alizojinunulia abiria ni shauri lake na bima yake.

Hali ya hewa ni sababu ya kila mwaka. Msimu wa vimbunga kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi ndio huo huo wa meli za kitalii, Novemba hadi Aprili, na wakati mwingine hupindukia: kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia mwanzoni mwa Mei 2024. Bima maalumu za meli hulipa kiasi kidogo kilichowekwa kwa kila bandari iliyorukwa, na kwa kila siku ambayo abiria amefungiwa chumbani kwa amri ya daktari. Fedha hizo ni za kupoza moyo. Mtu asichague bima kwa ajili yake.

Kuachwa na meli ni hasara kubwa zaidi. Machi 2024 meli Norwegian Dawn iliondoka São Tomé bila abiria 8 waliochelewa kutoka matembezi waliyojipangia wenyewe, wakalazimika kupita nchi kadhaa kuifuata. Kanuni iliyotumika hapo ni ya dunia nzima na inahusu pia Unguja: meli humsubiri abiria aliye katika matembezi yaliyouzwa na meli, lakini haimsubiri aliyekodi gari mwenyewe kwenda Jozani au Nungwi na kukwama barabarani. Bima ya kukosa meli kwa kawaida hulipa pale tu kuchelewa kulipotokana na sababu zilizotajwa, kama usafiri wa umma kuharibika au ajali. Kusahau saa Darajani hakumo. Waongozaji wa Mji Mkongwe wenye uzoefu huwarudisha wageni wa meli bandarini mapema kwa sababu hiyo.

Kampuni kufilisika

Kadiri nafasi inavyowekwa mapema, ndivyo abiria anavyobeba hatari ya kampuni kufa kabla ya safari. Kampuni ya utalii ya Thomas Cook ilianguka tarehe 23 Septemba 2019, kampuni ya meli ya Cruise & Maritime Voyages Julai 2020, na Crystal Cruises ikasimamisha shughuli mwanzoni mwa 2022. Safari ya miaka mitatu kuzunguka dunia iliyoitwa Life at Sea, iliyokuwa ianzie Istanbul Novemba 2023, ilifutwa kwa kuwa meli haikupatikana, na kati ya abiria wake walikuwamo waliokwisha kuuza au kupangisha nyumba zao.

Si kila bima hugharamia kufilisika. Nyingine hulipa ikiwa imekatwa ndani ya siku chache tangu arubuni, na ikiwa kampuni haikuwa tayari katika orodha ya zenye mashaka. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza sheria humlinda mnunuzi wa safari ya kifurushi kwa kumrudishia fedha muuzaji akifilisika. Aliyelipa kwa kadi ya mkopo naye huweza kuidai benki. Aliyetuma fedha kwa wakala kwa njia ya simu au kwa akaunti binafsi hana kinga hizo zote mbili.

Takaful

Katika jamii yenye Waislamu wengi kama Unguja, baadhi ya wasafiri huepuka bima ya kawaida kwa sababu ya riba na kubahatisha. Takaful ni mfumo ambao washiriki huchangia mfuko wa pamoja wa kusaidiana, na ziada hurudishwa kwao au hutumika kulingana na masharti. Soko lake nchini Tanzania ni changa. Kwa safari iliyowekwa mapema maswali ni yale yale: kinga inaanza lini, inagusa kuvunja safari au matibabu tu, na jamaa ni nani.

Madai

Kinachoamua madai mara nyingi ni karatasi. Abiria anayevunja safari kwa ugonjwa huhitaji barua ya daktari iliyoandikwa kabla ya kuvunja, siyo baada. Huhitaji pia kuijulisha kampuni ya meli siku hiyo hiyo, kwa kuwa bima hulipa adhabu ya siku tatizo lilipojulikana, hata kama yeye amesubiri wiki tatu na adhabu ikapanda. Aliyeibiwa Mji Mkongwe achukue taarifa ya polisi kabla meli haijaondoka. Kuipata kutoka ng'ambo ni kazi ngumu. Aliyetibiwa melini adai bili yenye mchanganuo na ripoti ya daktari wa meli kabla ya kushuka. Kabla ya kukubali ndege ya wagonjwa, namba ya dharura ya bima hupigwa kwanza, isipokuwa mgonjwa akiwa hajiwezi kabisa, kwani kampuni nyingi hukataa kulipa usafiri ambao hazikuuidhinisha.

Nchini Tanzania kampuni za bima husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), Bara na Visiwani. Mkata bima asiyeridhika huanza kwa kuilalamikia kampuni kwa maandishi, na wakishindwana anaweza kwenda katika Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kabla ya kufikiria mahakama. Mwenye bima ya nje hufuata ngazi za nchi ilikokatwa. Kwa Uingereza ni Financial Ombudsman Service, ambayo haimtozi mlalamikaji ada.